Chakula Hiki Kimepita Mikono Mingapi?



Juma hili nataka tuzungumze habari ya chakula. Najua wengine mtasema: "Karani, kazi yako ni vitabu vya ubatizo na ndoa, mambo ya chungu waachie akina mama." Nakubali kwamba kupika si kazi yangu. Lakini kuhesabu na kusoma maandishi madogo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na jambo la chakula siku hizi lataka hesabu, lataka na kusoma. Basi nivumilieni.

Tuanze na hesabu moja ya kusikitisha. Mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa afya katika nchi yetu nzima. Ilionekana kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyotaka. Haya, tazameni na mikoa ilivyokuwa. Iringa walikuwa karibu 57 katika 100. Njombe walikuwa 50. Jirani zetu wa Rukwa walikaribia 50. Hapa kwetu Songwe walikuwa karibu 32.

Ndugu msomaji, hiyo si mikoa ya njaa. Ndiyo mikoa inayolisha taifa. Mbozi twavuna mahindi, maharage na kahawa. Momba kuna mpunga, ufuta na karanga. Ileje kuna mahindi, maharage na ndizi. Upande wa Ziwa Rukwa kuna samaki. Mavuno yakiisha, malori hupanga foleni Tunduma, mengine yakivuka kwenda Zambia na Kongo, mengine yakishuka Dar es Salaam. Ni njaa ya namna gani basi hii inayokaa katika nyumba yenye mahindi ghalani?

Sababu zake ni nyingi: maji machafu, kuhara, malaria, mama mjamzito kufanya kazi nzito bila kupumzika, mtoto kulishwa mara mbili tu kwa siku. Hayo yote yana siku yake ya kuzungumzwa. Leo nataka tushike sababu moja tu, ile iliyo mikononi mwetu wenyewe. Sababu hiyo ni mambo yanayokipata chakula chetu katika safari yake toka shambani mpaka kwenye sahani.

Kusindika si kosa

Watu wa afya wana neno lao: kusindika. Maana yake ni kukibadili chakula kabla ya kukila, ili kilike, kitunzike au kiuzike. Mtu akisikia wasemavyo watu kwamba "vyakula vya kusindikwa ni vibaya", aweza kudhani kwamba inampasa kutafuna mahindi makavu kama farasi. Sivyo hata kidogo.

Mababu zetu walisindika chakula siku zote. Kutwanga ni kusindika. Kuanika mboga za majani na samaki juani ni kusindika. Kugandisha maziwa, kukamua mafuta ya alizeti, kusaga karanga, kuchachusha togwa, yote hayo ni kusindika, tena mengine yaongeza uzuri wa chakula. Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa waweza kuua mtu. Maharage yasipochemshwa vizuri yaumiza tumbo.

Basi swali letu si kwamba chakula kimesindikwa au hakikusindikwa. Maswali ya kuuliza ni mawili, nami nawaombeni myashike kama mlivyoshika hesabu ya kuzidisha shuleni:

La kwanza: Chakula hiki kimeondolewa nini?

La pili: Chakula hiki kimeongezwa nini?

Mtu akiyajibu haya mawili, hahitaji kuwa daktari ili achague vema.

Swali la kwanza: kimeondolewa nini?

Chukua punje moja ya hindi uitazame. Ina sehemu tatu. Nje kuna ganda. Ndani kuna sehemu kubwa ya wanga, ndiyo itupayo nguvu. Tena chini kabisa, pale punje iliposhikana na gunzi, kuna kiini. Kiini ni kidogo, ni kama sehemu moja tu katika kumi ya punje. Lakini mle ndani ndimo yalimo karibu mafuta yote ya hindi, pamoja na protini nzuri, vitamini na madini. Nayo haishangazi, maana kiini ndicho mche wa kesho. Mungu ameufungia mche ule chakula chake cha safari.

Sasa twende mashineni. Mama amejitwika debe lake. Mwenye mashine anamwuliza: "Nikoboe au nisage hivi hivi?" Mama anajibu: "Koboa." Mashine inavua ganda, na pamoja na ganda inang'oa kiini. Kinachobaki ni wanga mweupe, ndio unaosagwa kuwa sembe. Katika gunia la kilo 100, mara nyingi kilo 20 au 30, pengine hata zaidi, zinatoka kama pumba. Baadhi ya nyumba huongeza tena jambo la tatu: mahindi yaliyokobolewa hulowekwa siku kadhaa ili unga uzidi kuwa mweupe, na vitamini kidogo zilizosalia humwagwa pamoja na maji.

Mama amelipa kukoboa, kisha amelipa kusaga. Pumba huenda kwa mfuga kuku au mfuga nguruwe. Kuku wale wananenepa, nao hawajui kusoma wala kuandika! Mtoto wa nyumbani anapata weupe, kuku wa jirani anapata kiini. Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi ni kijaluba cha mti kinachopambwa nje kikapendeza macho, lakini ukikifungua ni mti mtupu. Ndiyo sembe yetu hiyo.

Unga wa mahindi yasiyokobolewa, yaani dona, una ganda na kiini chake. Una nyuzinyuzi za kusaidia tumbo, una madini ya chuma na zinki zaidi, una vitamini za kundi B zaidi. Hushibisha mapema na shibe yake hudumu. Tena gunia moja la dona hulisha nyumba siku nyingi kuliko gunia lile lile likikobolewa. Hesabu ni nyepesi: hukutupa kitu.

Mbona basi twaidharau? Sababu naijua, nanyi mwaijua. Dona ni ugali wa shule za bweni, na watu husema ni ugali wa jela. Mgeni akija twaona haya kumwekea ugali wenye rangi ya udongo. Tumefanya weupe kuwa heshima. Lakini heshima ya mgeni ni afya yake, nayo heshima ya mtoto ni kukua.

Wala msidhani jambo hili ni la Waafrika peke yetu. Huko Java, katika nchi iitwayo leo Indonesia, miaka ya 1890, watu wengi walipatwa na ugonjwa wa beriberi: miguu inalegea, moyo unashindwa, mtu anakufa. Daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliutafuta sana mdudu wa ugonjwa huo asimpate. Siku moja akaona kuku wa pale maabara miguu imelegea, wanaanguka kama watu wale wagonjwa. Kisha ghafula wakapona. Alipouliza, akaambiwa kwamba kuku walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali ya askari. Halafu akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku chakula cha askari, basi wakaanza kupewa mchele usiosuguliwa. Hapo ndipo walipopona. Dawa ilikuwa katika lile ganda jembamba la mchele ambalo mashine ililivua ili mchele uwe mweupe. Baadaye ikajulikana kuwa ni vitamini, ile iitwayo leo B1. Mwaka 1929 Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel. Kuku walimfundisha daktari. Nasi na tukubali kufundishwa nao.

"Lakini dona inaharibika upesi"

Nasikia mama mmoja akisema hivyo, na asema kweli. Mafuta ya kiini yakishasagwa huchacha, unga ukapata uchungu na harufu. Dawa yake ni kusaga kidogo kidogo. Saga ya juma moja au mawili, usisage gunia zima. Mahindi yakiwa punje hukaa. Yakiwa unga hayangoji.

Kuna neno jingine zito kuliko hilo, nami siwezi kulificha. Mahindi yasiyokauka vema huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, wala haifi kwa kupikwa. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walishikwa na ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walikufa. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda na kiini. Kwa hiyo mtu akisaga dona ya mahindi mabovu, anasaga na sumu yote.

Je, turudi kwenye sembe basi? La. Maana hata sembe haiondoi sumu yote. Turudi kwenye usafi wa mahindi. Yavune yakiwa yamekomaa. Usiyaanike juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka. Yakaushe mpaka ukiuma punje ivunjike kwa mlio. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwenye uwezo atumie mifuko isiyopitisha hewa. Halafu kabla ya kwenda mashineni, kaeni na watoto mchambue: punje iliyooza, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, itupwe mbali. Msiwape kuku, na msiifanyie pombe, maana sumu hufuata.

Swali la pili: kimeongezwa nini?

Hapa twaingia dukani. Tunduma ni mji wa mpakani. Tangu zamani bidhaa zapita hapo, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa mwaka 2019, upande wetu na upande wa Nakonde, zapita kwa wepesi zaidi. Malori na bodaboda hutuletea mpaka vijijini vitu vya rangi nzuri: soda, biskuti, juisi za paketi, tambi za kuchemsha dakika tatu, vipande vya viazi vyenye chumvi, soseji, pipi, vinywaji vya kuongeza nguvu. Siku hizi hakuna kijiji kisicho na kibanda chenye vitu hivi vimening'inia kama taa za Noeli.

Huko Brazil kuna mtaalamu wa Chuo Kikuu cha São Paulo, jina lake Carlos Monteiro. Yeye na wenzake wamefundisha kuvipanga vyakula katika mafungu manne, na mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Brazil iliutoa mwongozo wa chakula kwa kufuata mafundisho hayo. Nitayaeleza mafungu hayo kwa vitu vya kwetu.

Fungu la kwanza ni vyakula vilivyo karibu na shamba: mahindi, ulezi, mchele, maharage, viazi, ndizi, mchicha, majani ya maboga, parachichi, mayai, maziwa, samaki, nyama. Humo mna na vile vilivyokaushwa au kusagwa tu.

Fungu la pili ni vitu vya kuungia: mafuta, chumvi, sukari. Havilwi peke yake; hutiwa kidogo katika vyakula vya fungu la kwanza.

Fungu la tatu ni chakula cha kwanza kilichotiwa kitu cha pili ili kikae au kipendeze: samaki wa chumvi, mkate wa kawaida, jibini, samaki wa kopo.

Fungu la nne ni vile vilivyosindikwa kupita kiasi. Hivi havikupikwa kwa chakula. Vimetengenezwa kiwandani kwa vipande vya chakula: wanga uliotengwa, sukari, mafuta ya bei nafuu, kisha rangi, harufu, vionjo na dawa za kugandisha. Ukivisoma unakuta maneno ambayo hakuna mama aliye nayo kabatini mwake.

Na hiyo ndiyo alama nyepesi ya kuvitambua. Geuza paketi, usome orodha ya vilivyomo. Kwa kawaida kitu kilicho kingi huandikwa kwanza. Kama sukari ni ya kwanza au ya pili, jua umeshika sukari yenye unga, si unga wenye sukari. Kama orodha ni ndefu na ina rangi na ladha za bandia, jua kiko katika fungu la nne. Juisi ikiandikwa "ladha ya embe", ladha si embe. Mama asiyesoma ampe mtoto wa darasa la tano amsomee. Itakuwa faida mara mbili.

Tufanye hesabu moja pamoja. Soda za namna ya kola huwa na sukari gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Chupa ndogo ni mililita 350. Basi mle mna sukari gramu 35 au zaidi, na kijiko kimoja cha chai huchukua gramu 4. Ni karibu vijiko tisa! Ungemwona mtu akitia vijiko tisa katika kikombe cha chai cha mtoto, ungempokonya bakuli la sukari. Lakini katika chupa yenye baridi hatuoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asipite gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na kwamba ni bora zaidi akiishia 25. Chupa moja ya mtoto imekwisha kupita hapo.

Huenda mtu atauliza: "Hata kama kuna sukari, si nguvu tu? Kuna ubaya gani mtu akishiba?" Jibu ni kwamba vyakula hivi havishibishi kama vinavyopasa. Mwaka 2019 huko Marekani, Kevin Hall na wenzake walitoa habari ya majaribio yao. Waliwakalisha watu wazima 20 ndani ya hospitali majuma manne. Majuma mawili walipewa vyakula vya kiwandani vya fungu la nne, na majuma mawili vyakula vya karibu na shamba. Sukari, mafuta na chumvi vilivyowekwa mezani vilikuwa sawa pande zote mbili, na kila mtu aliambiwa ale apendavyo. Walipokuwa katika vyakula vya kiwandani, kila mtu alikula zaidi kwa kadiri ya kalori 500 kwa siku, ni kama gramu 140 za unga mkavu wa mahindi juu ya kawaida yake. Wakaongezeka uzito karibu kilo moja. Walipokuwa katika vyakula vya shamba wakapungua kadiri ile ile. Mwenye kula hakujua. Mdomo ulikwenda mbele ya tumbo.

Kwetu sisi hasara ni ya pande mbili. Mtu mzima anayezoea vitu hivi hukaribisha kisukari na presha. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo. Akijazwa biskuti na soda hana nafasi ya maharage wala mboga wala yai. Anaonekana ameshiba, kumbe hajala.

Si kila kilichoongezwa ni kibaya

Haki ni haki. Kuna vitu vinavyoongezwa kwa faida. Zamani katika nyanda hizi za juu watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, yaani rovu, kwa kukosa madini joto. Tangu miaka ya 1990 chumvi imetiwa madini hayo, na rovu limepungua sana. Basi nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, uifunike vizuri. Kadhalika kanuni za serikali za mwaka 2011 zilitaka viwanda vitie virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kama huna budi kununua sembe ya mfuko, tazama kama imeandikwa kwamba imeongezwa virutubishi. Lakini mashine nyingi za kijijini hazina virutubishi hivyo. Zinaondoa bila kurudisha. Ndiyo maana mwenye kusaga kijijini ana sababu kubwa zaidi ya kusaga dona.

Tena angalieni neno hili. Katika mafungu yale manne ya Monteiro, sembe na dona vyote viwili hukaa katika fungu la kwanza, kwa kuwa hapakuongezwa kitu. Wabrazili hawali ugali mchana na usiku kama sisi. Sisi twala. Kwa hiyo kwetu swali la kwanza, lile la kuondolewa, lina uzito sawa na swali la pili. Mtu aweza kukaa kijijini asionje soda mwaka mzima, na bado mtoto wake akadumaa kwa sembe tupu na mboga ya chumvi.

Ulezi wetu unakwenda wapi?

Sasa naomba akina baba wasogee karibu. Katika nafaka zote tulizo nazo, hakuna inayoshinda ulezi kwa madini ya chokaa, yale yanayojenga mifupa na meno. Gramu 100 za ulezi zina madini hayo zaidi ya miligramu 300. Maziwa ya ng'ombe kwa uzito ule ule yana 120 hivi. Mwili hauyapati yote ya ulezi kwa wepesi kama ya maziwa, lakini hata hivyo ni hazina. Punje yake ni ndogo mno, haikoboleki kwa urahisi, basi husagwa nzima. Ulezi hauna sembe!

Na ulezi wetu unakwenda wapi? Nyumba nyingi zinaupeleka katika chungu cha komoni. Baba anakunywa chakula cha mtoto, kisha akirudi jioni anamletea mtoto biskuti ili asilie. Sisemi haya kwa kumchongea mtu. Nasema tu kwamba nafaka bora ya nyumba imepewa kazi ya mwisho.

Hata kimea chenyewe kina kazi bora kuliko pombe. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa nchini mwetu mwaka 1973, wamefundisha jambo hili miaka mingi. Mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito. Na uji mwepesi ni maji mengi, chakula kidogo. Tufanyeje? Otesha ulezi safi siku mbili au tatu, uanike ukauke kabisa, sugua uondoe mizizi, usage. Pika uji mzito. Ukipoa ukawa wa vuguvugu, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache uji mzito utalegea ukawa wa kunyweka, bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke kidogo, upoe, umpe mtoto aliyefikisha miezi sita. Ongeza karanga zilizosagwa au maziwa. Katika kikombe kile kile mtoto amepata chakula kingi zaidi. Huko nako ni kusindika, tena kwa mikono ya mama mwenyewe.

"Maskini atafanyaje?"

Neno hili nalisikia kila mara, nami naliheshimu. Mtu akisema fedha hana, asihubiriwe. Lakini tazameni: katika haya yote, jambo lipi limetaka fedha? Dona ni rahisi kuliko sembe, maana kukoboa hulipi. Ulezi umo ghalani. Mboga ziko nyuma ya nyumba. Ninalowaomba ni hesabu tu. Kwa juma moja, mama au mtoto mkubwa aandike katika daftari kila shilingi iliyokwenda kwenye soda, biskuti, pipi na juisi za rangi. Jumapili mjumlishe. Halafu mwulize bei ya mayai, ya dagaa, ya kilo moja ya maharage. Nadhani wengi watashangaa.

Nanyi wenye vibanda sikuwasahau. Nanyi mna watoto. Haiwakatazi mtu kuweka pia karanga za kukaanga, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma mbele ya macho, na kuziweka pipi nyuma. Mtoto hununua anachokiona.

Basi, kwa ufupi, shikeni haya matano:

1. Ukienda mashineni, sema "Saga dona." Kama nyumba haijazoea, anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu, ongeza kidogo kidogo.

2. Chambua mahindi kabla ya kusaga, na usage ya juma moja au mawili tu.

3. Kila ugali uwe na mwenzake: maharage, dagaa, yai, karanga, pamoja na mboga za majani. Hata dona peke yake haitoshi.

4. Soma paketi kabla ya kulipa. Uliza: kimeondolewa nini, kimeongezwa nini?

5. Kabla ulezi haujaingia chunguni, toa kwanza fungu la watoto. Soda na biskuti ziwe mambo ya sikukuu, wala si ya kila siku.

Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Kibaba ni kipimo cha nafaka, na nadhani mithali hiyo ilitungwa na mtu aliyejua njaa. Mtoto hadumai kwa siku moja, wala hakui kwa siku moja. Hukua kwa kibaba cha leo, na cha kesho, na cha kesho kutwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukausha mboga za majani kivulini, ili wakati wa kiangazi tusile ugali kwa chumvi. Mwenye njia yake njema ya kukausha na aniandikie, nitaisoma kwa furaha.

Wasalaam,

Karani wa Parokia